Kiberiti Kiko Wapi?

Sisi tunaoishi ubavuni mwa Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji wa Nakuru, tumezoea kuona kitu cheupe kikipanda kutoka ndani ya kreta. Tangu uchimbaji wa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme uanze mle mwaka 2011, weupe ule umekuwa sehemu ya asubuhi zetu kama sauti ya jogoo. Watoto wakichora mlima shuleni huuchora na mvuke wake. Ndiyo maana alasiri ile ya Februari 2023, nilipoinua macho kutoka kwenye beseni nikaona weupe umesimama juu ya ukingo, niliinama tena nikaendelea kufua. Nilifua mashati mawili ya shule, nikayakamua, nikayaanika. Dakika hizo zimenirudia kichwani mara nyingi mno.

Mama mkwe wangu ndiye aliyejua. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe. Aliweka ungo chini, akanusa hewa, akasema, "Mvuke haunuki hivi." Nikanusa na mimi. Ilikuwa harufu ya leleshwa.

Asiyeijua leleshwa nimweleze. Ni kichaka chenye majani ya rangi ya majivu, kimejaa Menengai yote, ndani ya kreta na kwenye miteremko. Ukifikicha jani lake linanuka kafuri, na harufu ile ni mafuta. Hata likiwa bichi linashika moto, sembuse likikauka. Na mwaka ule kila kitu kilikuwa kimekauka. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imefuatana ikikatisha tamaa katika sehemu kubwa za Kenya, na mwezi uleule nchi ilikuwa imefanya maombi ya kitaifa ya kuomba mvua. Nyasi ukizikanyaga zilikuwa zinavunjika.

Moto ulianzia wapi hatukujua, na hadi leo hatujui. Wako waliosema ni warina asali, wako waliosema ni wachoma makaa, wengine wakasema ni mtu aliyekuwa anasafisha shamba akingoja mvua. Sikuwahi kulifuatilia jambo hilo. Nilikuwa na kazi nyingine.

Mzee wangu alikuwa kazini mjini. Binti yetu, aliyekuwa darasa la nane, alikuwa bado shuleni. Nyumbani tulikuwa mimi, mama mkwe na kitinda mimba wangu wa gredi ya 3, aliyekuwa amefika tu na mkoba ungali mgongoni. Vijana wa kijiji walipanda na matawi mabichi na majembe, wakaupiga moto, wakakwangua ardhi kuukatia njia. Kwa muda ulionekana umesalimu amri. Kisha upepo ukageuka.

Nilikuwa nimedhani kwamba moto wa nyika hukujia kama ukuta, kwamba utauona ukifika mlangoni. Sivyo ulivyotupata. Moto wenyewe ulikuwa bado mbali, labda mita mia mbili, wakati nyumba yetu iliposhika. Zilikuja cheche. Zilipita juu ya vichwa vyetu zikaingia chini ya mabati, kwenye ule upenyo kati ya ukuta na paa ambako ndege walikuwa wamejaza nyasi za viota miaka na miaka. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao. Iliwaka kuanzia juu, kutoka ndani, huku ukuta wa mbele ukiwa bado mzima na mashati mawili yakiwa yanakauka kwenye kamba. Jirani yetu wa upande wa juu, aliyekuwa karibu zaidi na moto kuliko sisi, nyumba yake ilipona. Ng'ombe wake walikuwa wamekula nyasi hadi udongo, ua umefagiliwa, na upenyo wa paa lake ulikuwa umezibwa kwa saruji. Sisi kuni zetu tulikuwa tumezipanga vizuri, zikiegemea ukuta wa jikoni.

Mama mkwe alikimbilia bandani akakata kamba za mbuzi kwa kisu cha jikoni. Kwa sababu alikuwa nacho mkononi, kisu hicho ndicho chombo pekee cha jikoni kilichobaki. Mimi nilimshika mtoto mkono. Sikushika kitu kingine.

Kesho yake asubuhi tulirudi kuangalia. Tangi la maji lilikuwa limeyeyuka likalala kama nguo iliyovuliwa. Magunia sita ya mahindi tuliyovuna kabla ya Krismasi yalikuwa bado yanafuka, na yaliendelea kufuka kwa siku nne. Katikati ya kilichokuwa chumba chetu lilikaa sanduku la bati, lile la shule, ambalo kila familia hapa Kenya huwekea karatasi muhimu. Limefungwa, limesimama, limepinda kidogo tu. Mzee wangu alipoliona alipiga magoti akasema, "Asante Mungu." Alilingoja lipoe, akavunja kufuli kwa jiwe.

Karatasi zote zilikuwamo. Zilikuwa nyeusi, lakini zimekaa kama zilivyopangwa, jani juu ya jani, na maandishi yaking'aa juu ya weusi kama alama ya konokono. Nilisoma jina la mume wangu kwenye hati ya shamba. Nilisoma alama zangu za kidato cha nne. Niliona muhuri wa kanisa kwenye cheti cha ndoa. Kisha mtu mmoja wetu, sijui nani, akavuta pumzi karibu, na ukurasa wa juu ukavunjika ukawa unga. Tukakaa kimya tukiogopa kupumua. Moto haukuingia ndani ya sanduku. Joto peke yake liliziivisha karatasi mle mle. Tangu siku hiyo nikimsikia mtu akisema karatasi zake ziko salama kwenye sanduku la bati, naacha nilichokuwa nikifanya nimsimulie.

Shemeji yangu wa Kiamunyi alitupa chumba. Tulilala watu watano humo, pamoja na mama mkwe. Na watu wakaja. Nataka niliseme hili kwa moyo wangu wote: watu walikuja. Wenzangu wa chama chetu cha kuchangiana kwa zamu walileta unga, mafuta na pesa ya raundi ambayo haikuwa zamu yangu. Kanisa lilifanya harambee. Walimu walimnunulia binti yangu sare na vitabu, maana kundi lake lilikuwa la mwisho kabisa kufanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hawakutaka apoteze hata wiki moja.

Lakini nitasema pia nilichojifunza, ili siku ukimtembelea mtu aliyeunguliwa ujue. Tulipata mablanketi kumi na moja. Tulipata koti la harusi, viatu vya visigino, mapazia. Siku ya tatu binti yangu alinijia pembeni akanong'ona kwamba ameanza siku zake, na katika furushi lote lile hapakuwa na pedi hata moja, wala chupi. Hapakuwa na kitana. Hapakuwa na wembe wa kukatia kucha, wala sindano na uzi, wala ndara za kwenda nazo chooni usiku. Hapakuwa na chaja. Mama mmoja muuza mboga, mwenye kibanda kando ya barabara, alikuja na mfuko mdogo mweusi, akaniambia nisiufungue mbele za watu. Ndani mlikuwa na chupi mpya za saizi tatu, sabuni, mafuta ya kujipaka, chumvi na kufuli yenye funguo mbili. Kufuli! Sikuwa na mlango. Nililia kwa ajili ya kufuli ile kuliko nilivyolilia nyumba, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameniona nikiwa na mlango tena.

Karatasi zilitupeleka mbio. Ili upate laini yako ya simu tena unahitaji kitambulisho. Ili upate kitambulisho unahitaji abstract ya polisi, yaani karatasi ya kuonyesha umeripoti kukipoteza, na ada ya shilingi 100 kama ilivyokuwa wakati huo, kisha unapewa karatasi ya kusubiria nawe unasubiri. Bila laini, mchango wowote uliotumwa kwa namba yangu ulikuwa hewani, kwa hiyo pesa zote zilipitia simu ya shemeji, naye aliziandika kwenye daftari shilingi kwa shilingi. Mbolea ya ruzuku ilikuwa shilingi 3,500 kwa gunia la kilo 50, na ujumbe wa kuichukua huja kwa simu ya mkulima aliyesajiliwa. Mkulima alikuwa mzee wangu. Simu yake ilipona, lakini kitambulisho chake kilikuwa kimebaki kwenye suruali nyingine nyumbani. Kuhusu hati ya shamba, msajili wa ardhi hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 60 zikipita bila pingamizi, hati mpya inatolewa. Siku 60 za kuambiwa, kwa maandishi, kwamba kama kuna mtu anadai hapa ni pake ajitokeze. Najua ni sheria na ni nzuri. Bado mzee wangu hakulala vizuri siku hizo zote.

Ila hayo yote yana foleni, yana dirisha, yana mtu wa kumuuliza. Kilichonitesa zaidi hakina ofisi. Ni mkono. Asubuhi nilikuwa naamka kwa shemeji, mkono unaenda kushoto kutafuta kopo la majani ya chai, unagusa ukuta. Nilikuwa nainua mguu kwenye kizingiti ambacho hakikuwapo. Mzee wangu alikuwa akiingia, anapapasa hewani kutundika kofia. Nyumbani nilikuwa natembea gizani bila kugonga kitu. Hapa nilikuwa mgeni hata mchana. Nikaelewa kwamba kilichoungua pamoja na mbao na mabati ni mpango mzima wa siku: nani anakunywa chai kwa kikombe kipi, nani anakaa wapi, nani anawatoa mbuzi kwanza, saa ngapi redio inafunguliwa. Hakuna harambee inayoweza kukuchangia hayo.

Mama mkwe alijua. Yeye alikuwa ameshaunguliwa kabla. Mwaka 1992, wakati wa vita vya kikabila vya Molo, nyumba yake ilichomwa na watu, na alitoka na watoto wanne na sufuria moja. Hazungumzii sana hilo. Lakini siku ya tisa baada ya moto wetu aliniamsha alfajiri akasema, "Twende kwako tukachemshe chai."

Nilimwambia hakuna kwangu. Akasema, "Moshi ukikaa sana bila kutoka bomani, watu huanza kusema palikuwa kwa fulani. Twende kabla hawajaanza."

Tulipanda na sufuria, majani, maziwa kwenye chupa ya soda, na mtoto. Alichagua mawe matatu, akayafagia majivu, akayapanga mahali palepale pa jiko la zamani. Akachukua kuni. Akaingiza mkono mfukoni. Kiberiti hakikuwapo.

Tulitafuta kila mahali. Mtoto alikuwa amesimama mbali, chini ya kilichobaki cha mparachichi, uso mgumu. Hatimaye nikaenda kwa jirani kuomba. Nilipowasha, mtoto alikimbia hadi barabarani, na hakunywa chai hiyo.

Kuanzia siku hiyo viberiti vilikuwa vinapotea. Kimoja nilikipata ndani ya ndoo ya maji kwa shemeji, kimevimba. Kingine kilikuwa chooni. Kingine kilifukiwa chini ya mgomba, nikakiona mbuzi walipokifukua. Swali lililosikika zaidi katika familia yetu kwa miezi miwili lilikuwa moja: kiberiti kiko wapi? Nilikuwa nikiuliza kwa hasira, na hasira ilikuwa ya bure. Mtoto wa miaka minane alikuwa anatulinda kwa njia pekee aliyoijua.

Mama mkwe hakumchapa wala hakumhubiria. Jioni moja alimwita mbele ya wote, akamkabidhi kiberiti kipya, akamwambia, "Kuanzia leo wewe ndiye mwenye kiberiti wa boma hili. Hakuna mtu atawasha moto bila kuja kwako." Niliona ni kosa. Sikusema.

Mtoto aliichukua kazi hiyo kama askari. Alikishonea kiberiti mfuko ndani ya shati, kwa sindano niliyokuja kununua mwenyewe. Ukimwendea alikuuliza unataka kupika nini. Alitoa njiti moja, si mbili. Kabla hujawasha alikwenda kuchota mtungi wa lita tano, akausimamisha kando yako, akasimama hapo hadi sufuria ichemke. Asubuhi nyingine chai ilichelewa nusu saa. Shemeji alicheka mara moja tu. Mama mkwe alimtazama, hakurudia. Wiki zikapita, mtungi ukaanza kukaa mbali kidogo. Siku moja akanipa njiti mbili kwa sababu kulikuwa na upepo.

Mvua ilikuja Machi, na ilikuja kweli. Hapo palitokea mvutano nyumbani. Mzee wangu alitaka pesa ya harambee iingie yote kwenye nyumba. Mama yake akasema mbegu kwanza. Walibishana siku mbili kwa heshima, kila mmoja akinitumia mimi kama posta. Mwishowe tulipanda. Tulihamia shambani kwenye kibanda cha turubai na mabati yaliyoungua, tukapanda mahindi na maharagwe kwenye udongo mweusi, maji yakipita chini ya vitanda.

Kuhusu mabati hayo: msiyaamini. Moto unakula ile ngozi ya juu inayozuia kutu, na kabla ya mvua ya masika kuisha yetu yalikuwa mekundu yanavuja. Na misumari vilevile. Watoto walikuwa wameokota misumari kwenye majivu, ndoo nusu nzima, wakiwa na furaha kwamba wameokoa pesa ya baba. Fundi alichukua mmoja, akaupiga nyundo mara mbili, ukalala kama waya. "Huu umekufa," akasema. "Moto ulitoa ugumu wake." Binti yangu aligeuka akaenda nyuma ya kibanda. Fundi aliona. Akachukua ndoo ile, akasema ataitumia kufungia fito za banda la kuku, ambako msumari laini unaokunjika ndio unaotakiwa. Sijui kama ni kweli kwa ufundi. Kuku wanalala humo hadi leo.

Nyumba ilianza Mei, vyumba viwili, ukuta wa mawe hadi dirishani na mbao juu. Upenyo wa paa tuliuziba na waya wa matundu madogo na saruji kabla hata ya kupaka rangi. Kuni ziko upande wa pili wa ua. Leleshwa tulizifyeka mita kumi kuzunguka nyumba, na tunazifyeka kila mwaka, maana leleshwa haifi. Kufikia Juni visiki vilivyoungua vilikuwa vimetoa machipukizi yanayofika gotini, yenye rangi ileile ya majivu na harufu ileile. Mwanzoni harufu hiyo ilinipandisha moyo kooni. Sasa naifyeka asubuhi kabla jua halijawa kali, na mikono yangu inanuka kafuri hadi mchana.

Tulihamia mwisho wa Julai. Stima iliunganishwa mwezi uliofuata. Nilidhani nitafurahi kulala ndani, lakini wiki za kwanza nilikuwa naamka usiku nisijue mlango uko upande gani. Kufuli ya mama mboga iko mlangoni. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili ulikuwa unazunguka, leo dirishani, kesho chini ya mkeka. Vikombe havikuwa vimepata wenyewe. Kila kitu kilikuwa kipya na hakuna kilichokuwa mahali pake, kwa sababu mahali penyewe palikuwa hapajapatikana.

Tarehe 25 Agosti, siku ya Ijumaa, kabla ya saa nne usiku, stima ilipotea Kenya karibu nzima. Wakati huo hatukujua ni nchi. Tulijua ni sisi. Binti alikuwa anasoma, akashusha pumzi. Redio ikanyamaza katikati ya neno. Giza lilikuwa zito hata ukingo wa Menengai haukuonekana. Nilisimama, mikono mbele, na mdomo wangu ukauliza wenyewe kama ulivyokuwa umezoea miezi yote ile:

"Kiberiti kiko wapi?"

Kimya kidogo. Kisha nikasikia sauti ya mwanangu kutoka upande wa kitanda chake, imejaa usingizi, bila haraka yoyote.

"Si kiko pale pa kawaida, Mama. Juu ya dirisha."

Niliinua mkono. Kilikuwapo.